Farasi Hawakufika Wamaza, Hesabu Zao Zimefika

Katika kitivo chetu neno "cote" lina uzito wake. Cote ni alama za mtihani, na siku zinapobandikwa ukutani kuna anayecheka na kuna anayetafuta pa kujificha. Ukitoka nje ya lango ukafika kwenye kibanda cha pari-foot, utalisikia neno lile lile kwa vijana ambao Kifaransa hawakukisoma hata miaka miwili. Kwao cote ni namba inayosema pesa yako itazidishwa mara ngapi ukishinda. Wanaitamka vizuri, wanailinganisha na ya kibanda cha pili, wanaibishania mpaka jua linazama. Lakini muulize mmoja wao namba ile hutengenezwaje, na mwenye kibanda amejiwekea nini ndani yake. Atakujibu kwamba inatoka Ulaya, basi.

Hoja yangu katika kurasa hizi ni hii: masomo ya biashara ya mbio za farasi, yale yanayofundishwa siku hizi kwa njia ya intaneti, ni masomo ambayo mwanafunzi wa lugha anayetoka kwetu Maniema anapaswa kuyasoma, na kitivo kiyape nafasi. Najua hoja inasikika kama mzaha. Nilipoitaja mara ya kwanza kama mada ya kazi yangu ya mwisho, mwalimu mmoja aliniuliza: "Kwenu kuna farasi wangapi?" Darasa zima lilicheka, na mada ikafia hapo. Swali lenyewe lilikuwa la haki. Ninalijibu sasa, kwa utulivu.

Kwetu hakuna farasi. Nimekulia Wamaza, kusini mwa Maniema, nina ndugu Kasongo na wengine Kabambare, na katika utoto wangu sikumwona farasi hata mmoja. Sababu inajulikana: mbung'o, yule nzi anayeleta malale kwa watu, huwaua farasi kwa ugonjwa wa jamii hiyo hiyo. Ndiyo maana katika enzi za misafara, Kasongo ilipokuwa mji mkubwa wa Tippu Tip, pembe za ndovu zilitoka huku mpaka pwani zikiwa juu ya mabega ya watu. Mnyama wa kuzibeba hakuwapo. Hata hivyo shuleni Wamaza tulifundishwa kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na kila mtoto alielewa. Farasi alikataliwa na mbung'o, akaingia kwa njia ya Kiswahili. Neno "farasi" ni la Kiarabu, limefika na misafara ile ile, na limekaa kwetu miaka mingi likimngoja mnyama ambaye hatakuja.

Sasa biashara yake imekuja bila mnyama. Katika Senegal, Kodivaa, Burkina Faso na Mali, watu wamekuwa wakiweka dau kwa miaka mingi juu ya farasi wanaokimbia Ufaransa, katika viwanja kama Vincennes na Longchamp. Hawajawaona, na hawatawagusa. Wanajua majina yao na namba zao, na wanalijua neno "tiercé", dau la kutaja farasi watatu wa kwanza ambalo André Carrus alilibuni mwaka 1954. Huku Afrika ya Mashariki vibanda vya kubeti vina kitu kingine tena: mbio za farasi wa kompyuta, waliochorwa, wanaokimbia kwenye skrini kila baada ya dakika chache, na mshindi huchaguliwa na programu. Farasi huyo hali nyasi, hahitaji daktari, na mbung'o hawezi kumuuma. Kwa hiyo "kwenu kuna farasi wangapi" si kipimo tena cha nani anahusika na biashara hii.

Pengine msomaji atauliza kwa nini nisiseme tu juu ya pari-foot, ambayo ndiyo iliyojaa mitaani. Sababu ni kwamba biashara ya mbio za farasi ni mzee wa ukoo huu. Ina umri, ina sheria zilizoandikwa, na hasa inafundishwa waziwazi. Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, kimekuwa na mpango wa masomo ya biashara ya viwanja vya mbio tangu miaka ya 1970. Chuo Kikuu cha Louisville, katika mji ambao Kentucky Derby imekimbiwa kila mwaka tangu 1875, kinafundisha biashara ya farasi ndani ya kitivo chake cha biashara, na kina cheti cha uzamili juu ya biashara ya mbio za farasi ambacho mtu anaweza kukisoma mtandaoni, bila kukanyaga Kentucky. Ada ya masomo hayo si ya mtoto wa Wamaza. Lakini mihtasari ya masomo, kanuni za mbio, ripoti za mahesabu ya viwanja na maelezo ya aina za dau viko wazi kwa yeyote mwenye simu, mega za kutosha na Kiingereza au Kifaransa cha kuvisomea. Nimevisoma hivyo, jioni kwa jioni, simu ikichajiwa kwenye betri ya sola ya jirani. Nilichokikuta ndicho kilichonifanya niandike.

Nilidhani nitakuta habari za kwato na matandiko. Nilikuta habari za chungu. Katika miaka ya 1860, Paris, mtu aitwaye Joseph Oller, ndiye huyo huyo ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Moulin Rouge, alianzisha namna ya kuweka dau inayoitwa "pari mutuel". Watu wote wanatia pesa katika chungu kimoja, na mbio zikiisha, waliotaja farasi aliyeshinda wanagawana. Mwaka 1891 sheria ya Ufaransa iliukubali mfumo huo, na leo unatumika katika viwanja vingi duniani.

Tuufanyie hesabu kwa faranga zetu. Watu 100 wanatia kila mmoja faranga 1,000. Chungu kina 100,000. Kabla ya kugawa, mwenye uwanja anatoa fungu lake. Kule Marekani fungu hilo kwa kawaida huwa kati ya 15 na 25 katika kila 100, kulingana na aina ya dau na mahali. Tuseme ni 20. Zinabaki 80,000. Kama watu 40 walimtaja farasi aliyeshinda, kila mmoja anapata 2,000 na anarudi nyumbani akiimba. Bila lile fungu angepata 2,500. Yaani hata aliyeshinda alikatwa 500, na hakuna aliyemwambia. Na kama watu wale wale wakirudisha pesa ile ile chunguni, raundi ya kwanza inaacha 80,000, ya pili 64,000, ya tatu 51,200. Kwa raundi tatu, karibu nusu ya pesa ya kijiji imeondoka, na hakuna mtu aliyedanganya wala aliyeiba.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapoamka. Neno "mutuel" maana yake ni jambo la sisi kwa sisi, la kusaidiana. Mama zetu wanalijua jambo hilo: ni likelemba, wengine wanaiita upatu au chama. Wanawake kumi wanatia, mmoja anapokea, mwezi ujao mwingine, mpaka mzunguko unakwisha na kila mtu amerudishiwa chake chote. Chungu cha likelemba hakina mkono wa mtu wa nje. Chungu cha pari mutuel kinao, na jina lake halisemi. Mtu anayesikia "mutuel" anafikiri yuko katika likelemba.

Nilianza kutafuta kama maneno mengine ya biashara hii yana tabia hiyo, nikakuta inayo. Katika mnada wa Tattersalls, mjini Newmarket, Uingereza, farasi huuzwa kwa gini. Sarafu ya gini haitengenezwi tangu mwanzoni mwa karne ya 19; jina lake lilitokana na pwani ya Guinea, huku kwetu Afrika, ilikotoka dhahabu yake. Gini moja ni pauni moja na shilingi moja, na desturi ilikuwa kwamba pauni ni ya muuzaji na shilingi ni ya dalali. Neno linaonekana kama bei, kumbe ndani limekwisha kubeba fungu la mtu wa kati.

Na cote, lile neno letu la ukutani? Chukua mechi isiyoweza kuisha sare, ya timu mbili ambazo uwezo wao ni sawa kabisa. Cote ya haki ingekuwa 2.00 kwa kila upande. Kibanda kitaandika, tuseme, 1.80. Mmoja anaweka 1,000 upande huu, mwingine 1,000 upande ule. Kibanda kimepokea 2,000, kinamlipa mshindi 1,800, kinabaki na 200, na hakikujali nani alifunga bao. Fungu limekaa ndani ya namba yenyewe kama chumvi ndani ya mchuzi: hulioni, na ukiambiwa lipo huwezi kulitoa.

Basi hapa kuna maneno matatu, la Kifaransa, la Kiingereza, na la tatu ambalo tumelifanya letu, na kila moja limefunika kitu kile kile. Kiswahili kina neno la kukitaja: makato. Mwalimu yeyote wa shule anayepokea mshahara pungufu anajua makato ni nini. Wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila, katika Kabambare yetu, wanayajua pia, kwa sababu kabla mchanga haujagawiwa shimoni, kuna mwenye shimo, kuna aliyetoa chakula, kuna wa ofisini, na kila mmoja anachukua fungu lake mbele ya waliochimba. Mchimbaji huyo anaweza kukuorodheshea kila mkono uliopita juu ya mchanga wake. Jioni anaingia kibandani na pesa ile ile, na hapo hawezi kuorodhesha hata mkono mmoja. Hakupungukiwa akili njiani. Kule shimoni mambo yana majina katika lugha yake, na kibandani hayana.

Nisieleweke kwamba makato ni wizi. Masomo haya yalinifundisha kuuliza swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: makato yanakwenda wapi? Ufaransa, shirika la PMU linamilikiwa na vyama vya mbio vyenyewe, na sehemu ya makato hurudi kwa wafugaji, viwanja na zawadi za washindi. Uingereza, sheria ya mwaka 1961 iliunda bodi ya kukusanya tozo kwa wenye vibanda, na siku hizi tozo hiyo ni asilimia 10 ya faida yao ghafi kutokana na mbio za nchini, inayorudi kulea mbio hizo. Nairobi, katika uwanja wa Ngong unaotumika tangu 1954 chini ya Jockey Club of Kenya, kila siku ya mbio ina nyuma yake wakufunzi, waganga wa wanyama, mafundi wa kwato na masaisi. Neno "saisi", mtunza farasi, limo katika kamusi za Kiswahili tangu zamani, na nina shaka kama kuna kumi kati yetu waliowahi kulitumia. Pesa ya dau ikimlisha saisi, angalau imezunguka. Farasi wa kompyuta hana saisi. Pesa inayowekwa juu yake haimlishi mtu yeyote mtaani zaidi ya karani wa kibanda. Tofauti hiyo ni ya kisiasa na ya kiuchumi, lakini mtu hawezi kuiuliza bungeni wala barazani kama hana maneno yake.

Wenzangu Waislamu, na Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi na wa tangu zamani, wameniambia kwamba yote haya ni kamari, na kamari ni haramu, mjadala umekwisha. Ninaiheshimu hukumu hiyo. Lakini elimu yao wenyewe inatofautisha mambo ambayo sisi tunayachanganya. Hadithi ya Mtume inayojulikana sana inataja mashindano ambayo zawadi inaruhusiwa ndani yake: mishale, ngamia na farasi. Na wanazuoni wengi wanakubali zawadi inayotolewa na mtu wa nje, asiyeshindana, kwa sababu hapo hakuna anayehatarisha chake ili ale cha mwenzake. Dubai ilijenga biashara nzima juu ya tofauti hiyo. Dubai World Cup ilianza mwaka 1996, na tangu 2010 inakimbiwa katika uwanja wa Meydan. Zawadi yake imefika dola milioni 12 kwa mbio moja, na kwa miaka mingi imekimbiwa bila watazamaji kuruhusiwa kuweka dau uwanjani. Pesa inatoka kwa wafadhili na watawala. Mtu anaweza kuuliza mali hiyo inatoka wapi, na ni swali zuri, lakini ni swali jingine. Tunajifunza kwamba mbio na dau ni vitu viwili, kila kimoja kina mlango wake, na sheikh anayehubiri dhidi ya kamari angehubiri kwa nguvu zaidi kama angeweza kueleza makato kwa hesabu ya raundi tatu.

Kuna somo moja katika historia ya Kentucky ambalo sijaacha kulifikiria. Katika Derby ya kwanza, mwaka 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi, na aliyeshinda, Oliver Lewis juu ya farasi Aristides, alikuwa mmoja wao. Katika Derby 28 za mwanzo, weusi walishinda 15. Walikuwa wanamjua farasi kuliko mtu mwingine yeyote, wengi wao wakiwa wana wa watumwa waliowalea farasi hao. Pesa ya mbio ilipokua, na ubaguzi nao ukakaza, walisukumwa nje. Jimmy Winkfield alishinda mwaka 1901 na 1902, na baada yake hakuna mpanda farasi mweusi aliyeshinda Derby mpaka leo. Kumjua farasi hakukuwasaidia wakati milki, leseni na mahesabu vilikuwa mikononi mwa wengine. Sisi wa Maniema tuko upande wa pili wa kioo hicho hicho: farasi hatumjui, na mahesabu pia hatujayashika, ila pesa yetu imo ndani.

Pingamizi lililo na nguvu kuliko yote ni la wale wanaosema: kama kuna nguvu ya kutafsiri, tutafsiri kwanza habari za malaria, za mbegu za mihogo, za haki za ardhi. Nakubali kwamba hizo ni kubwa. Lakini habari za malaria zina wafadhili, zina mabango na zina redio. Makato hayana mfadhili hata mmoja, kwa sababu anayeyajua ndiye anayeyala. Kazi isiyo na mfadhili ndiyo hasa kazi ya chuo kikuu. Wengine wanaogopa kwamba kufundisha mambo haya ni kuyatangaza. Vijana wetu hawakungoja kitivo kiwatangazie. Binamu yangu, anayefanya kazi Salamabila, aliniuliza likizo iliyopita: "Kaka, hii mashine inakulaga wapi?" Alikuwa anauliza swali la Louisville, kwa Kiswahili cha kwetu. Nilimfanyia hesabu ya chungu kwenye mchanga, kwa kijiti. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema nimfanyie tena, awaonyeshe wenzake.

Ninachokiomba kwa kitivo ni kidogo. Kwanza, kazi ya mwisho juu ya istilahi za dau na mbio ikubaliwe kama kazi ya lugha, isihukumiwe kwa idadi ya farasi wilayani. Pili, tuandike kwa pamoja orodha ya maneno hamsini hivi, kila neno na mfano wake wa hesabu kwa faranga. Tunayo mengi tayari: dau, chungu, makato, dalali, saisi. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita tiketi ya kubeti "mkeka", na ukipoteza "mkeka umechanika", nami sijaona istilahi iliyotungwa ofisini inayoshinda hiyo. Tatu, maktaba ipakue mara moja mihtasari na kanuni zilizo wazi na kuziweka kwenye kompyuta yake, ili mwanafunzi asinunue mega kwa kila ukurasa.

Orodha ikimalizika ichapwe kwenye karatasi moja, pande mbili. Karatasi hiyo inaweza kubandikwa Kasongo sokoni, Kabambare, Wamaza na kwenye mashimo ya Salamabila. Neno la kwanza juu yake liwe "makato", na chini yake hesabu ya raundi tatu. Asomaye akitaka kuingia kibandani, ataingia. Lakini ataingia akijua jina la kile kinachomngoja ndani.